Vyuma vya mazoezi uwanjani na sijida ya Mama yetu

Katika ukoo wetu kisukari hakibishi hodi, huingia kama mwenyeji. Kilimchukua babu mzaa baba, kikamsumbua baba yetu miaka mingi hadi figo zake zikachoka naye akarejea kwa Mola wake, kisha kikahamia kwa Mama. Sisi ni ndugu sita wa tumbo moja, wanawake wanne na wanaume wawili, tunaoishi Magomeni, Dar es Salaam, katika nyumba zisizopishana kwa mwendo wa robo saa. Daktari alipomweleza Mama, akiwa na umri wa miaka 63, kwamba sukari yake imepanda na shinikizo la damu nalo limeungana nayo, tulikaa sote sita barazani kwake kuzungumza. Alikuwa ameagizwa mambo matatu: dawa, chakula na mazoezi. La kwanza tuligawana zamu za kwenda kununua. La pili tulikubaliana na wake zetu na mabinti zetu kuhusu wali, chai ya sukari na vitumbua. La tatu lilibaki mezani, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Si kwamba Mama ni mvivu. Mama amelea watoto sita, amekoroga sufuria za pilau za maulidi na za arusi, na hadi leo haamki baada ya adhana. Lakini maisha ya mjini yamebadilika taratibu pasi na mtu kuyatangaza. Bibi zetu walitwanga kwenye kinu, wakabeba maji kichwani, wakachanja kuni na kwenda kuzikana kwa miguu. Mazoezi kwao lilikuwa ni neno lisilohitajika. Leo unga unatoka mashineni, maji yanafunguliwa jikoni, na bodaboda inasimama mlangoni kumpeleka mtu sokoni, mahali ambapo zamani pangefikiwa kwa dakika ishirini za mguu. Mwili umeondolewa kazi zake moja baada ya nyingine, ilhali chakula hakikupungua. Wala jambo hili si la Magomeni peke yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2022 watu wazima wapatao bilioni 1.8, yaani asilimia 31, hawakuufikisha mwili wao kwenye kiwango cha chini cha kujishughulisha.

Ndugu yetu mmoja alipendekeza tumwandikishe Mama katika jimu ya kulipia. Tulikwenda kuitazama. Ada yake ya mwezi ilikuwa nzito kwa familia yenye wagonjwa, muziki ulikuwa wa kutoboa masikio, na wanaume na wanawake walikuwa katika chumba kimoja mbele ya vioo vya ukuta mzima. Hatukuona namna ya kumwingiza mle mwanamke wa makamo aliyezoea stara. Ndipo mdogo wetu wa mwisho alipotukumbusha kiwanja kilichoko nyuma ya shule ya msingi ya mtaa.

Kiwanja hicho tulikijua sote. Kwa miaka mingi vijana wamekuwa wakinyanyua pale vyuma vya kujitengenezea: makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, tairi chakavu la lori, na gogo la mnazi lililolazwa likawa benchi. Tulizungumza na wazee wa mtaa, serikali ya mtaa ikaridhia, na kaya zilizopenda zikachangishana kidogo kidogo. Fundi wa kuchomelea wa jirani akatutengenezea kwa mabomba ya chuma: fito mbili za kuning'inia, moja ndefu na moja fupi, fito mbili sambamba za kujinyanyua kwa mikono, ngazi ya kulala ukutani, kidaraja cha saruji cha kupanda na kushuka, na viti viwili vya mabomba vya kusukuma miguu ambavyo humwinua mtu kwa uzito wa mwili wake mwenyewe. Chini tukamwaga mchanga wa kutosha. Haikuwa kazi ya fahari, bali ilikuwa imara, na ilikuwa bure kwa kila mtu.

Huenda wapo watakaodhani kuwa kufanya mazoezi nje, machoni pa watu, ni mambo ya vijana wa siku hizi. Ukweli ni kwamba jambo hili lina historia ndefu na limeenea. Nchini Uswisi, mwaka 1968, ilifunguliwa njia ya msituni yenye vituo vya mazoezi karibu na jiji la Zürich, na mfano wake ukaigwa na majirani. China, baada ya kutangaza mpango wake wa mazoezi ya taifa zima mwaka 1995, ilijaza vifaa vya chuma katika bustani na viwanja vya makazi, na wanaovitumia zaidi ni wazee. Qatar imeweka Jumanne ya pili ya mwezi Februari kuwa siku ya michezo ya taifa tangu 2012, na Dubai ilianzisha mwaka 2017 kampeni ya kufanya mazoezi dakika 30 kila siku kwa siku 30. Karibu zaidi nasi, ndugu zetu wa Zanzibar wana vikundi vya mazoezi vya mitaani, vya wanaume kwa wanawake, ambavyo hukusanyika kwa pamoja kila Januari Mosi. Basi sisi hatukuzua kitu.

Daktari alitueleza kwa lugha nyepesi kinachotokea mwilini, nasi tunaona ni wajibu kukifikisha kwa wasomaji. Misuli ndiyo ghala kubwa kuliko yote la sukari inayotoka kwenye chakula. Kwa mtu mwenye kisukari cha ukubwani, insulini hubisha hodi kwenye ghala hilo lakini mlango hufunguka kwa shida. Mtu anapoitumikisha misuli yake, misuli hiyo huweza kuvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila ya kusubiri insulini, na wepesi huo hubaki kwa saa nyingi baada ya mazoezi kwisha, mara nyingine hadi siku ya pili. Ndiyo maana inashauriwa mgonjwa wa kisukari asipitishe siku mbili mfululizo bila kujishughulisha. Moyo nao, ukizoeshwa kazi, husukuma damu kwa wepesi zaidi, na shinikizo hushuka taratibu.

Hapa ndipo vyuma vya uwanjani vinapoonyesha thamani yake mbele ya matembezi peke yake. Matembezi ni mazuri na hatuyaachi, lakini hayajengi nguvu ya mikono, kifua na mgongo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, limeshauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, ile inayomfanya mtu ahemekwe lakini aweze kuzungumza. Juu ya hayo, walau siku mbili kwa wiki watu waitumikishe misuli mikubwa ya mwili. Kwa waliofikia miaka 65 umeongezwa mkazo wa mazoezi ya mizania na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na anayekwenda msikitini kwa miguu alfajiri na isha ameshapunguza deni. Ama hiyo sehemu ya pili, ya misuli na mizania, ndiyo wengi wetu hatuigusi kabisa, nayo ndiyo iliyomfaa Mama kuliko zote.

Kwani yapo aliyokuwa akiyaficha. Kwa miaka miwili Mama alikuwa akisali kwenye kiti. Magoti yalikuwa hayamchukui, na akishuka chini alihitaji mjukuu wa kumwinua. Sharia imempa mgonjwa ruhusa ya kusali kwa kukaa, naye analijua hilo na kulishukuru. Lakini siku tulipomuuliza anataka nini katika mazoezi haya, tukitaraji atataja sukari au uzito, alijibu kwa sauti ndogo kuwa anataka kuweka paji lake la uso chini walau mara moja kabla hajafa. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kuanzia hapo hatukuzungumza tena habari ya kupunguza kilo. Tulijua tunakwenda uwanjani kutafuta nini.

Kabla hajaanza, kikazuka kikwazo. Mjomba wetu, ndugu mkubwa wa Mama, alipata habari akaja mbiombio. Hakuwa mkali, alikuwa na huzuni. Alisema mwanamke mtu mzima, mama wa watu, hawezi kuning'inia kwenye vyuma barabarani huku wapita njia wakitazama, na kwamba sisi watoto tunamvunjia haya tukidhani tunamtibu. Hatukumjibu kwa ubishi, kwa kuwa mjomba ni mzazi, na kwa kuwa hoja yake ilikuwa na uzito. Haya ni sehemu ya imani, na si haki kuidharau kwa jina la afya. Lakini afya nayo ni amana. Mtume (S.A.W.) alimfundisha sahaba aliyezidisha funga na kisimamo cha usiku kwamba mwili wake una haki juu yake. Na yeye mwenyewe alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), akashindwa mara ya kwanza na akashinda mara ya pili baada ya miaka, wakafurahi. Tendo lile lilifanyika safarini, baada ya masahaba kuambiwa watangulie mbele. Mchezo ulikuwepo, na stara ilikuwepo.

Tulikwenda na mjomba kwa imamu wa msikiti wa mtaa. Imamu hakutoa hotuba. Aliuliza maswali: ni saa ngapi, nani huwepo, wanavaa nini, uwanja unaonekana kutoka wapi. Kisha akakumbusha mafunzo ya Mtume kwa wale wanaokaa njiani, kuwa njia ina haki zake: kuinamisha macho, kuondoa maudhi, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Akasema uwanja nao ni njia, na haki hizo zinawahusu wanaume kabla ya kuwahusu wanawake. Ikapatikana suluhu ambayo sote tuliipenda. Baada ya sala ya alfajiri hadi saa moja na nusu asubuhi, siku tano za wiki, uwanja ni wa wanawake na watoto wadogo. Alasiri hadi magharibi ni wa wanaume na vijana. Upande unaotazama barabara ukajengwa uzio wa makuti, na nyuma yake wakapandwa miarobaini. Vijana waliokuwa na uwanja wao tangu awali walikubali bila kinyongo, na ni wao waliosuka makuti. Mjomba alitoa mchango wa misumari.

Mama alianza kwa kidogo sana. Wiki mbili za kwanza alizunguka uwanja mara tatu, akakaa kwenye kiti cha kusukuma miguu, akasukuma mara tano, akapumzika, mara tano tena, akaenda zake. Halafu ikaja kazi ya kukaa na kusimama kwenye benchi bila kushika kitu, ambayo ndiyo aliyoichukia kuliko zote na ndiyo iliyomsaidia kuliko zote. Akafuatia kupanda na kushuka kidaraja huku ameshika fito, kisha kusimama kwa mguu mmoja akihesabu hadi kumi. Dada yetu wa pili aliandika kila kitu katika daftari la shule. Haba na haba hujaza kibaba: mara tano zikawa nane, nane zikawa kumi na mbili.

Sasa umepita mwaka na miezi. Hatutaki kumdanganya msomaji kwa kusimulia muujiza. Mama hajaacha dawa, wala hataziacha kwa amri yetu, hilo ni la daktari wake. Sukari yake imetulia zaidi kuliko zamani, ingawa kuna siku hupanda, hasa baada ya arusi. Kuhusu sala, husimama sasa katika rakaa zote za faradhi na hurukuu bila tabu. Sijida huiweza chini katika sala za asubuhi, mwili unapokuwa mwepesi, na kwa isha mara nyingi hurejea kwenye kiti chake. Mara ya kwanza alipoifikia ardhi alikaa nayo muda mrefu hadi wajukuu wakaja kutuita kwa hofu. Alipoinua kichwa alituambia tusimkatishe.

Na kheri za uwanjani hazikuishia kwake. Wanawake waliokuwa wakijifungia ndani kwa huzuni za ujane na za upweke sasa wana mahali pa kusalimiana kila asubuhi, na anayekosekana siku mbili huulizwa. Jambo hili jimu ya chumbani haikuweza kutupa. Mwanga wa asubuhi nao una kazi yake: hurekebisha saa ya ndani ya mwili, na wengi wetu tunalala vizuri zaidi usiku kuliko tulivyokuwa tukilala. Ama vitamini D, jua la mapema halitoshi kuitengeneza, hususan kwa aliyejisitiri mwili mzima. Kwa hiyo akina dada waketi uani kwao, penye faragha, mikono wazi kwa muda mfupi jua linapopanda, na mwenye maumivu ya mifupa amuulize daktari juu ya kupimwa.

Kaka zetu wawili, ambao sukari haijawafikia lakini damu ni ileile, huenda alasiri. Wao ndio tunaowahofia zaidi, kwa kuwa mtu ambaye mzazi wake ana kisukari yumo hatarini kuliko wengine, naye huwa hasikii maumivu yoyote mpaka ugonjwa umeshakita mizizi. Kinga ni bora kuliko tiba, nasi tumeona kwa macho yetu tiba inavyogharimu.

Kwa familia zitakazopenda kuanza, tunatoa yale tuliyojifunza. Mwenye kisukari, moyo au shinikizo la damu azungumze kwanza na daktari. Anayetumia dawa za kushusha sukari abebe tende chache au peremende mfukoni, kwani sukari inaweza kushuka ghafla: akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akiona kizunguzungu, aache na ale. Asiende pekupeku, na kila jioni azikague nyayo zake, kwani kidonda kidogo kwa mgonjwa wa kisukari ni jambo kubwa. Usizuie pumzi unapojinyanyua au kusukuma, bali toa pumzi wakati wa nguvu, maana kuzuia pumzi hupandisha shinikizo. Maumivu ya kifua si ya kuvumiliwa. Simama, tafuta msaada.

Vyuma vingi vya uwanjani havina uzito wa kuongeza wala kupunguza, kwa hiyo maendeleo hupatikana kwa kuongeza idadi na kwa kwenda polepole, hasa wakati wa kushuka. Epuka adhuhuri, kwa sababu chuma kilichochomwa na jua la Dar es Salaam huunguza kiganja. Mavazi yawe mapana yasiyoburuta: suruali pana chini ya gauni refu na mtandio uliobanwa vizuri ni salama zaidi kuliko baibui lenye ncha za kunasa kwenye viungo vya mashine. Katika Ramadhani sisi hupunguza: matembezi mafupi karibu na magharibi, na mazoezi ya nguvu baada ya tarawehe, kwa wenye afya tu.

Watoto waangaliwe. Vifaa hivi vimetengenezwa kwa ajili ya watu wazima, na kiwango cha Ulaya kinachohusu vifaa vya aina hii kinawakusudia wenye urefu unaozidi sentimita 140. Vidole vya mtoto huweza kubanwa penye maungio. Wao wapewe mpira na kamba ya kuruka pembeni, kwani wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamka kila siku, na kumwona bibi yao akihangaika na kidaraja ni darasa tosha. Kila mwezi mtu mmoja apewe dhamana ya kukaza nati, kupaka grisi na kutazama kutu. Chombo cha umma kisicho na mwangalizi huwa hatari kabla ya mwaka kwisha.

Lililobaki ni ardhi yenyewe. Viwanja vya wazi katika miji yetu vinaliwa na maduka, maegesho na kuta. Uwanja usiotumika hauna wa kuutetea, na siku ukipotea haurudi. Kwa hiyo tunawaomba wenzetu, kabla ya kuuliza jimu iko wapi, wauulizie uwanja wa mtaa wao: uko wapi, ni wa nani, na ni saa ngapi mama zao wanaweza kuutumia kwa heshima. Waende serikali ya mtaa, wazungumze na kamati za misikiti na walimu wa shule, wamtafute fundi, wachangishane. Gharama ya fito mbili za bomba na tani moja ya mchanga si kubwa, ikigawanywa kwa kaya ishirini. Wapo wazee wengi wanaosali vitini mwao kimya, ambao hawajaulizwa wanatamani nini. Waulizwe.